Jamvi la zege la kibanda cha mbao, mita 3 kwa 4, kwa mikono yako

Kibanda cha mbao bustanini, kiwe cha ofisi, cha stoo au cha kupumzikia jioni, hakina uzito wa kutisha. Ndiyo maana wengi hudharau kazi ya chini: zege jembamba linamwagwa juu ya majani, masika moja inapita, jamvi limepasuka na mlango haufungi tena. Kumwaga zege kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Kinacholiharibu jamvi ni ardhi ambayo haikuandaliwa kabla ya siku hiyo, na maji: yanayozidi wakati wa kukoroga, na yanayokosekana wiki inayofuata.

Nitatumia vipimo vya mita 3 kwa 4, unene sentimita 10.

Hatua ya 1: Mahali na ukubwa

Kaa mbali na shimo la maji taka, na mbali na shimo lolote la zamani lililofukiwa, maana udongo wa kufukia huendelea kushuka kwa miaka. Chimba kishimo cha nusu mita uone unajenga juu ya nini. Ukikuta mchanga kama ule wa Kigamboni, shukuru. Ukikuta mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi hadi kidole kinaingia, kisha masika unavimba, usiweke jamvi jembamba juu yake. Utoe wote ujaze moramu, yaani udongo wa changarawe. Kama una kina kirefu, achana na jamvi kabisa, simamisha kibanda juu ya nguzo fupi zilizofika kwenye udongo mgumu.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo ninapobishana na watu wengi. Wanataka jamvi lichomoze nje ya kuta "lipendeze". Jamvi linalochomoza ni sinia la kukinga mvua: maji yanatua pale, yanarudi ndani kwa chini ya ukuta, na mbao ya chini ndiyo inayooza kwanza. Jamvi lilingane na fremu ya kibanda, na mbao za ukutani zishuke kidogo kupita ukingo wake ili maji yadondoke nje. Ukitaka kibaraza, kimwage baadaye peke yake, kiwe chini kuliko jamvi na kiinamie nje.

Hatua ya 2: Kupima pembe na usawa

Piga vigingi, funga kamba, kisha pima kutoka kona hadi kona inayoitazama. Kwa mita 3 kwa 4, ulalo ni mita 5 kamili. Ulalo wa pili nao ukisoma 5, pembe zote ni mraba na hakuna haja ya kifaa kingine. Ukisoma tofauti, sogeza vigingi vya upande mmoja, si kigingi kimoja, na upime tena.

Kwa usawa, tumia mpira wa maji unaoonyesha maji yaliyo ndani. Jaza maji, hakikisha hakuna povu la hewa ndani, mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha kwanza na mwingine ahame na ncha ya pili, akiweka alama pale maji yanapotulia, maana kwenye ncha zote mbili yako kimo kimoja. Anza na kona iliyo juu zaidi. Hiyo ndiyo inayoamua kimo cha jamvi lote.

Hatua ya 3: Kuchimba na kushindilia

Ondoa sentimita 15 za udongo wa juu wenye mizizi na majani, ukipita ukingo wa jamvi kama sentimita 20 kila upande. Jaza moramu au mawe madogo kwa tabaka mbili, kila moja ilowe kidogo na ishindiliwe kabla ya kumwaga nyingine. Kwa eneo hili agiza mita za ujazo 3, kwa sababu kifusi kikishindiliwa hupungua. Umeshindilia vya kutosha pale kisigino cha kiatu hakiachi alama. Hii ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote, na ndiyo ambayo vibarua wakiachwa peke yao wataipunguza. Kaa hapo.

Malizia na mchanga mwembamba juu ili mawe yasitoboe nailoni. Kabla ya nailoni piga dawa ya mchwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, ukiwa na glavu na barakoa. Mbao za Sao Hill zilizotiwa dawa kiwandani husaidia, lakini zinakatwa na kutobolewa wakati wa ujenzi, na mchwa hupenda pale palipokatwa.

Hatua ya 4: Fremu, nailoni, nondo

Simamisha mbao za 2x4 kwa ubavu kuzunguka jamvi. Inchi 4 ndiyo sentimita 10 zako. Zipime, maana nyingi za dukani hazifiki. Piga vigingi kwa nje kila sentimita 60, vichwa vyake visizidi juu ya mbao, vinginevyo vitakusumbua wakati wa kusawazisha. Paka ndani oili chafu kidogo zisigande.

Tandika nailoni nzito, maungio yapandane angalau sentimita 15. Juu yake weka wavu wa chuma wa BRC, au nondo za milimita 6 zilizofungwa kwa nafasi ya sentimita 20. Ziinue kwa vipande vidogo vya zege ili zikae katikati ya unene au juu kidogo. Nondo iliyolala juu ya nailoni ni pesa iliyofukiwa.

Hatua ya 5: Vifaa

Uwiano wa 1:2:4 unatosha. Mfuko wa kilo 50 una karibu lita 35 za saruji, kwa hiyo kila mfuko unaenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Mchanga mbichi huvimba, hivyo ukiwa na unyevu weka ndoo nne. Jamvi hili linakula karibu mifuko 8. Nunua 9, mchanga mita ya ujazo 0.7 na kokoto 1.3.

Saruji chukua ya daraja la nguvu 42.5, isiyo na mabonge. Kokoto za Lugoba zinatosha kabisa, ukubwa wa nusu inchi hadi robo tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukiletewa bure: chumvi yake inakula nondo kimyakimya.

Hatua ya 6: Kukoroga na kumwaga

Zege hili lina uzito wa karibu tani 3, na lote limwagwe siku moja bila kukatiza. Tafuta watu wanne na muanze saa 12 asubuhi, kabla jua halijakaza.

Changanya mchanga na saruji vikavu, mgeuze mpaka rangi iwe moja, kisha kokoto, kisha maji. Mfuko mmoja unahitaji kama lita 25. Mchanga ukiwa mbichi anza na 20 na uongeze kidogo kidogo. Vibarua wataomba maji zaidi kwa sababu zege la majimaji ni jepesi kusukuma. Kataa. Maji ya ziada hayabaki kwenye zege. Yanakauka na kuacha vitundu, na jamvi linachubuka kama halina saruji. Zege likitiririka lenyewe kutoka kwenye toroli, yameshazidi. Linatakiwa lisukumwe kwa chepe, na ukilipiga kwa mgongo wa mwiko lifunge uso.

Anzia kona ya mbali ukirudi nyuma. Mfuko mmoja ufunike karibu mita ya mraba 1.6, ukifunika chini ya moja na nusu, simama, kuna mahali ardhi imezama. Chomachoma kwa kipande cha nondo, hasa kwenye kona, na gonga mbao za fremu kwa nyundo hewa itoke. Kisha watu wawili wavute ubao ulionyooka juu ya fremu kwa mwendo wa msumeno.

Maji yatapanda juu. Subiri yapotee ndipo ulainishe. Usinyunyize saruji kavu kuyanyonya, hata fundi akikuambia ndivyo anavyofanya kila siku. Tabaka hilo hubanduka. Uso wa kawaida wa kibao unatosha, kibanda kitakuwa na sakafu yake.

Hatua ya 7: Kunywesha

Likishikamana kiasi cha kutoachwa alama ya kidole, lifunike magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Lowesha asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizopungua, na siku 10 kama saruji yako ina mchanganyiko wa pozolana (kama majivu ya volkano), kwa kuwa hukomaa polepole. Upepo mkavu ni mbaya kuliko jua. Fremu unaweza kuitoa baada ya siku mbili, taratibu, kona zisivunjike.

Baada ya siku 7 unaweza kuanza kusimamisha kuta. Nguvu kamili huhesabiwa siku ya 28. Toboa matundu ya bolti za kushikilia mbao ya chini angalau sentimita 8 kutoka ukingoni, na weka utepe wa nailoni kati ya zege na mbao. Zile sentimita 10 za ukingo ziache wazi, usizifukie kwa udongo wa maua. Mchwa akipanda atajenga njia yake ya udongo hapo, na utamwona.