Dengue kwa mjamzito: namna ya kuisoma FBP kabla hali haijaharibika

Mama ana mimba ya wiki 34. Homa ni siku ya nne, kipimo cha malaria hakioni kitu, NS1 (kipimo cha protini ya virusi vya dengue) imetoka chanya. Majibu ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) yanarudi yakionekana safi: hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ni 38, hakuna alama yoyote ya tahadhari pembeni. Ukimruhusu kwa karatasi hiyo unaweza kumpoteza. Viwango vinavyochapwa na mashine ni vya mtu asiye na mimba.

Mwongozo huu ni wa tabibu, mkunga na daktari wa zamu katika hospitali ya kawaida ya Pwani, yenye mashine ya FBP, vipimo vya ini na si zaidi ya hapo. Milipuko ya Dar es Salaam ya 2014 na 2019 ilitukuta wengi tukiwa na vifaa hivyohivyo, na vinatosha kama unajua cha kutazama.

Hatua ya 1: Hesabu siku za homa

Muulize homa ilianza lini, asubuhi au usiku, kisha andika "siku ya ngapi" juu ya faili. NS1 inafaa zaidi siku tano za mwanzo. Baada ya hapo unategemea IgM, kingamwili ya maambukizi mapya. Hatari huja kati ya siku ya tatu na ya saba, na mara nyingi ni pale homa inaposhuka. Ndugu wanafurahi kwamba mgonjwa amepoa, wanaanza kufungasha. Hapo ndipo plazma (maji ya damu) inapoanza kuvuja nje ya mishipa, na saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kukesha naye.

Hatua ya 2: Tafuta namba yake ya zamani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa. Katika ujauzito plazma huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, lakini chembe nyekundu haziongezeki kwa kasi hiyo. Damu inakuwa nyepesi, hematokriti inashuka. Kwa hiyo fungua kadi ya kliniki, tafuta himoglobini ya karibuni, zidisha kwa tatu. Utapata makadirio ya hematokriti yake ya siku zote.

Mama wetu alikuwa na himoglobini 10.6 kliniki. Mara tatu ni karibu 32. Ongezeko la asilimia 20, ambalo ndilo dalili ya plazma kuvuja, linafika 38 na kidogo. Ile 38 iliyoonekana safi maana yake ameshafika ukingoni.

Mwenye upungufu wa damu anadanganya zaidi. Aliyekuwa na himoglobini 9 kliniki, leo ana 11, na kuna mtu wodini atasema vidonge vya madini ya chuma vimefanya kazi. Havifanyi kazi hiyo kwa siku tatu. Kama kadi haipo, FBP ya kwanza kabisa ndiyo iwe msingi, ichukuliwe kabla ya dripu.

Hatua ya 3: Toa damu vizuri

Usitoe kwenye mkono wenye dripu. Geuzageuza taratibu chupa ya EDTA (yenye dawa ya kuzuia damu isigande). Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikishikana, mashine itakupa namba ya uongo. Namba ikikushangaza, mwombe mtu wa maabara aitazame kwenye darubini.

Hatua ya 4: Soma vitu vitatu kwa pamoja

Chembe nyeupe hushuka mapema. Mjamzito kwa kawaida anazo nyingi, hata 12,000 si ajabu, hivyo 4,500 kwake ni ishara ijapokuwa mashine inaiita kawaida. Chembe sahani hushuka kidogo kwa ujauzito wenyewe, ila ni nadra kwenda chini ya laki moja kwa sababu hiyo pekee. Tazama kasi: 180,000 jana na 90,000 leo inatisha kuliko 90,000 iliyotulia. Zikiporomoka huku hematokriti ikipanda, hiyo ni dalili ya hatari kwa mujibu wa WHO. Hatoki wodini.

D-dimer (kipimo cha mgando wa damu) na ESR (kipimo cha uvimbe mwilini) usimlipishe. Ujauzito tayari umezipandisha.

Hatua ya 5: Ini, na swali la HELLP

AST na ALT, vimeng'enya vya ini, hazipandishwi na mimba, kwa hiyo zikipanda ziamini. Zikifika 1,000 hiyo ni dengue kali. ALP, kimeng'enya kingine, iache; kondo la nyuma linaitoa.

Tatizo ni kwamba HELLP, tatizo kali la ujauzito lenye kuvunja chembe nyekundu, nayo inashusha chembe sahani na kupandisha vimeng'enya vya ini. Pima presha na protini ya mkojo, omba LDH (hupanda chembe zikivunjika), na muulize mtu wa maabara kama anaona chembe nyekundu zilizokatikakatika. Homa, chembe nyeupe chache na hematokriti inayopanda vinaelekea dengue; presha kuanzia 140/90 na chembe zilizovunjika vinaelekea HELLP. Presha ya kawaida haiondoi HELLP kabisa. Ukibaki na shaka, mpigie daktari wa wanawake usiku huohuo, kwa sababu HELLP hutibiwa kwa kuzalisha, na kumpasua mwenye dengue katika saa zake mbaya ni kuita damu.

Hatua ya 6: Rudia, na usome pamoja na mapigo

FBP kila siku. Akiingia saa za hatari, hematokriti kila saa 4 hadi 6, na kabla na baada ya kila maji ya haraka ya mshipani. Hematokriti ikishuka na mama ana mikono ya joto na mkojo unatoka, maji yamefanya kazi. Ikishuka huku mapigo yakikimbia, anavuja damu mahali, hata kama hauioni. Tofauti ya presha ya juu na ya chini ikiwa 20 au pungufu, ni mshtuko, usingoje maabara.

Hatua ya 7: Uchungu ukianza

Tafuta damu ya kumwongezea mapema. Hakuna sindano za msuli, hakuna diclofenac wala aspirini, paracetamol tu. Huna kipimo cha kuganda? Weka mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo isiyo na dawa, ishike kwenye kiganja, baada ya dakika nne iinamishe taratibu, kisha kila dakika. Ikifika dakika saba bila kuganda, au donge likavunjika upesi, mgandisho una kasoro.

Mtoto naye apimwe chembe sahani na joto kwa siku kumi za mwanzo, maana virusi huweza kumpita mama vikamfikia.