Somo: Kuhamia kwenye boti la tanga ukishastaafu (nyumba usiuze kwanza)

Wazee wenzangu, mmeniuliza sana, haya leo naandika. Mwaka wa tatu huu naishi Kilifi Creek kwenye boti la faiba la futi 32, mimi si nahodha, nilikuwa fundi mitambo mpaka nikafika 60.

Hatua ya 1. Lala botini kwanza nyumba ikiwa bado yako. Na usijaribu Januari, kaskazi tulivu, jua, kila mtu anaona peponi. Jaribu Mei, kusi imeshika na masika juu yake, ndo utajua sitaha inavuja wapi. Langu lilinidondokea usoni saa nane usiku, nikahamisha godoro, tone likanifuata.

Hatua ya 2. Nanga, hapa msome polepole. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yetu yanapanda kama mita 3 na nusu. Ukipima maji yamekupwa ukapata mita 4, yakijaa ni 7.5, ongeza mita 1 kutoka majini mpaka omo (mbele ya boti), 8.5, zidisha mara 5, unahitaji kama mita 43 za mnyororo na kamba. Wengi wanahesabu kwa ile 4 halafu usiku wanashangaa boti linatembea.

Hatua ya 3. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haitoki dirishani, inashuka ngamani, chini kabisa ya boti, inangoja kiberiti. Funga pale pale mtungini kila ukiepua sufuria.

Hatua ya 4. Muda, na hili hakuna aliyeniambia. Miaka yote kazini naamka saa kumi na moja, botini nikaamka vile vile nikabaki natazama maji, miezi miwili nagombana na mke wangu kwa sababu ya kifuniko cha birika. Kilichoniokoa ni maji yenyewe: yakijaa naenda sokoni na kidau sababu yakipwa nitakiburuta kwenye tope, yakipwa nakaa nashona tanga, na kwa vile kila siku yanachelewa kama dakika 50 basi ratiba haigandi. Halafu shukeni pwani kila mtu kivyake, wewe barazani kwa kahawa, yeye kwa wenzake.

MASWALI

– Shikamoo mzee, magoti yangu mabovu, nitapandaje?
Marahaba. Ngazi ya tezi (nyuma ya boti) yenye vidato vipana, na usipande na mzigo mkononi, ufunge kamba uuvute ukishafika juu.

– Maji ya kunywa je?
Tangi letu lita 200, watu wawili kwa lita 20 kwa siku ni siku kumi. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari kwanza, tunasuuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kidogo tu.

– Na mama watoto anasemaje kwa ukweli?
Yuko hapa anachungulia, anasema niandike kwamba Ijumaa mpaka Jumapili yeye hulala nyumbani Malindi, na ufunguo anao yeye.