Nani anaongea hapa? Jinsi ya kupaka rangi mistari ya Biblia

Kuna mstari tunaupenda sana, Ayubu 8:7, ule wa mwanzo wako kuwa mdogo lakini mwisho wako kuongezeka sana. Nimeuombea miaka na miaka nikijua ni ahadi ya Mungu, alafu siku niliyopaka rangi kitabu cha Ayubu, kila msemaji na rangi yake, ndo nikaona anayeongea pale ni Bildadi, mmoja wa wale marafiki watatu wa Ayubu ambao Mungu mwenyewe kwenye 42:7 anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake. Nilishtuka kwa kweli. Tangu hapo mazungumzo kwenye Biblia siyasomi bila penseli za rangi mkononi.

Na kama unatumia Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 unahitaji hii zaidi, maana haina alama za kunukuu, maneno ya mtu yanaanza tu baada ya koma na herufi kubwa, jicho linapita hata hujagundua msemaji kabadilika.

Hatua ya 1: vifaa. Tumia penseli za rangi za kawaida, pakiti ya rangi 12 inatosha kabisa. Maka peni achana nayo, karatasi ya Biblia ni nyembamba, wino unatokea upande wa pili unaharibu kurasa mbili kwa mpigo. Uwe pia na penseli ya kawaida na kifutio.

Hatua ya 2: chagua rangi na uziandike kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo ili usijichanganye baadae. Mi natumia zambarau kwa Mungu, kijivu kwa Shetani, njano kwa malaika, na nyekundu kwa Yesu kama zile Biblia za maandishi mekundu (mhariri wa Marekani Louis Klopsch alitoa Agano Jipya la hivyo 1899, wazo alilipata kwenye Luka 22:20, damu ya agano). Nabii akisema "Bwana asema hivi", yanayofuata ni zambarau. Rangi zilizobaki zinazunguka kwa watu wa kila kitabu, na msimulizi usimpake kabisa, peupe ndo pake.

Hatua ya 3: anza na Mwanzo 3, ni fupi na ina wasemaji wanne. Pita kwanza na penseli ya kawaida, tafuta "akasema", "akamwambia", weka kabano dogo pale maneno yanapoanzia na yanapoishia, hapo ndo upake. Nyoka mstari wa 1, mwanamke wa 2 na 3, nyoka tena wa 4 na 5, kuanzia wa 9 Mungu anauliza na Adamu anajibu. Wa 13 una rangi mbili, Mungu kwanza kisha mwanamke, na 14 mpaka 19 yote zambarau.

Hatua ya 4: nukuu ndani ya maneno ya mtu, na hapa usiharakishe. Kwenye mstari wa 3 mwanamke anasema Mungu alisema hivi na hivi. Paka rangi ya mwanamke, alafu chini yake piga mstari wa zambarau. Sasa rudi 2:17 ulinganishe, utaona habari ya kutogusa pale haipo, kaiongeza yeye. Mathayo 4:6 vilevile, Ibilisi anatumia Zaburi 91, rangi inabaki kijivu maana anayeongea ni yeye.

Hatua ya 5: Ayubu. Usipake kila neno, utachoka, chora mstari wa rangi pembeni tu. Elifazi ni sura ya 4-5, 15 na 22, Bildadi 8, 18 na 25, Sofari 11 na 20, Elihu, ambaye si kati ya wale watatu, 32 mpaka 37 (ukianzia 32:6), Mungu 38 mpaka 41 isipokuwa 40:3-5 ambapo Ayubu anajibu kidogo. Ila ndugu yangu usiwatupe hao marafiki, Paulo mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 3:19 ananukuu maneno ya Elifazi ya Ayubu 5:13. Rangi inakuambia nani kasema, kupima ni kazi yako.

Kuna sehemu wataalamu hawakubaliani. Yohana 3, maandiko ya Kigiriki hayakuwa na alama za kunukuu, wengine wanasema maneno ya Yesu yanaishia mstari wa 15, wengine wa 21. Mi nimepaka nyekundu mpaka 15, kuanzia 16 nimeweka nukta nukta nyekundu.

Kwenye simu programu nyingi zinapaka mstari mzima, kwa hiyo kama Mwanzo 3:13 paka rangi ya anayeanza kuongea na wa pili muandike kwenye noti.

Zaburi ziache mwisho, mle msemaji anabadilika bila hata "akasema", mfano Zaburi 91 unaenda nayo vizuri tu, ukifika mstari wa 14 anayeongea ni Mungu.