Kubuni kichujio cha Fabry–Perot cha kuchagua chaneli kwenye faiba

Tuchukue kazi hii: faiba inabeba chaneli za gigabiti 10 kwa sekunde, zimeachana gigahezi 100, nawe unataka kuchomoa yoyote katika bendi ya C, yaani mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1530 hadi 1565. Vioo viwili vinavyotazamana, pengo la hewa katikati, yaani kichujio cha Fabry–Perot, vinaiweza kazi hiyo. Piga hesabu kabla ya kununua kioo.

Hatua ya 1: pengo. Vilele vya kichujio hiki, yaani masafa ya mwanga kinayoyapitisha, hujirudia, kwa hiyo bendi nzima, takriban terahezi 4.4, lazima itoshe kati ya kilele na kilele, la sivyo utapokea chaneli mbili kwa mpigo. Chukua terahezi 5. Kasi ya mwanga ukiigawa kwa mara mbili ya masafa hayo, unapata pengo la maikromita 30.

Hatua ya 2: vioo. Kilele cha upana wa gigahezi 40 kinataka fainesi (nafasi kati ya vilele ukiigawa kwa upana wa kilele) ya 125, yaani vioo vya kuakisi kama asilimia 97.5.

Hatua ya 3: chaneli jirani. Hapa tulia. Mabega ya kilele hiki hushuka polepole mno. Gigahezi 100 pembeni, jirani amepungua desibeli 14 tu. Wengi hukimbilia kuongeza uakisi. Sikushauri: kilele chembamba hukata kingo za mawimbi ya data, na mtetemo mdogo tu wa kioo unaharibu kila kitu. Panga vichujio viwili mfululizo. Jirani anashuka desibeli 28, upana unabaki karibu gigahezi 26, na gigabiti 10 zinapita salama. Kati yao weka aisoleta, kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja tu, maana vikirudishiana mwanga vinazaa kichujio cha tatu usichokitaka.

Hatua ya 4: mwendo. Kuhama chaneli moja ni kusogeza kioo nanomita 15 hivi, kazi ya piezo, kipande kinachorefuka kidogo sana ukikipa volti. Lakini volti ileile, ukiifikia kwa kupanda au kwa kushuka, hukuweka mahali tofauti. Usitegemee jedwali la volti.

Hatua ya 5: kushika kilele. Tikisa kioo kidogo sana kwa masafa ya chini, upime nguvu inayotoka. Upande mmoja wa kilele nguvu hufuata mtikiso, upande wa pili huenda kinyume, na kileleni masafa yale hutoweka. Tofauti hiyo ndiyo irekebishe volti. Kila kichujio kipe masafa yake ya mtikiso, ili kipokezi kimoja kiweze kuvitenganisha.