Rima ya tepa kwa tairodi na boljointi: pima pini kwanza, rima baadaye

Kabla hujaanza kutafuta rima ya tepa popote pale, yaani kile kifaa cha meno cha kupanulia tundu liwe jembamba huku pana kule, chukua ile tairodi yenyewe (fimbo ya stelingi inayogeuza tairi) utakayoifunga, ifute grisi, iweke mezani uipime, maana wengi wanaanza na kununua halafu ndio wanakuja kwenye gari, wanajikuta na rima nzuri kabisa, kali, chuma safi, lakini tepa yake sio ya pini waliyonayo. Na tundu la pini kwenye mkono wa stelingi ukishalikata kwa tepa isiyo yake huwezi kulirudisha, chuma kikishatoka kimetoka. Hapa tunaongelea stelingi, sio bampa, kwa hiyo nitasema haya kwa urefu.

Elewa kwanza ile pini inashika vipi. Pini ya tairodi au boljointi (kiungo chenye mpira wa chuma ndani) imechongwa nyembamba huku nene kule, hiyo ndio tepa, na tundu la kwenye mkono wa stelingi limechongwa vilevile, ukikaza nati inavuta pini ndani mpaka chuma na chuma vinang'ang'aniana pande zote. Kinachobeba mzigo ni huko kung'ang'aniana, kazi ya nati ni kuivuta pini tu na kuishikilia hapo. Tepa zikitofautiana pini inagusa sehemu moja tu, ncha ya juu au ya chini, unakaza nati unaona imekaza kweli, gari likianza kula mashimo pini inaanza kucheza kidogo kidogo, tundu linapanuka, nati inalegea, na mwisho pini inakatika kwenye thredi. Kwa macho hutaona kitu mpaka siku inapokatika.

Sasa kupima. Unahitaji vania kalipa na maka peni ya ncha nyembamba. Weka alama mbili kwenye ile sehemu ya tepa, moja karibu na thredi na nyingine karibu na raba ya kuzuia vumbi, pima umbali kati yake, halafu pima unene wa pini kwenye kila alama. Toa wembamba kwenye unene, gawa kwa umbali. Mfano pini yako ni milimita 14 kwenye alama ya chini na 17 kwenye ya juu, na kati yake kuna milimita 24, tofauti ni 3, 3 kwa 24 ni 1 kwa 8, basi una tepa ya 1:8. Rudia kupima mara kadhaa maana kalipa ikikaa upande kidogo tu jibu linabadilika, na alama ziwe mbali kadiri unavyoweza, ukipima kwenye milimita 10 tu kosa dogo linakuwa kubwa.

Utakazokutana nazo sana ni hizi. Ya 1:8, ambayo Wamarekani wanaiita inchi moja na nusu kwa futi, ni digrii 7.15 kwa jumla, hii ndio ipo kwenye tairodi nyingi sana. Ya 1:6, yaani inchi mbili kwa futi, ni digrii 9.5 hivi, utaikuta zaidi kwenye baadhi ya boljointi. Halafu ya 1:10, digrii 5.7, hii iko kwenye magari mengi ya Ulaya. Lakini usiende kwa jina la gari hata kidogo, pima, kwa sababu gari hilohilo linaweza kuwa na tepa moja kwenye tairodi na nyingine kwenye boljointi, na ukishabadilisha vipuri kutoka gari lingine ndio kabisa.

Mtu anaweza kusema aah 1:8 na 1:10 si ndio zilezile tu, zinakaribiana. Hapana. Kwenye milimita 18 za sehemu inayoshika tofauti inafika karibu nusu milimita, yaani pini ya 1:10 ukiiweka kwenye tundu la 1:8 itashika upande mwembamba tu, huku juu kuna nafasi inacheza.

Wakati wa kununua uliza swali moja muhimu, hizo digrii ni za jumla au za upande mmoja tu kutoka katikati? Wauzaji wengine wanaandika 7 wakimaanisha jumla, wengine wanataja nusu, na ukichanganya unapata tepa mara mbili ya unayotaka. Mimi napendelea kuuliza kwa uwiano, 1:8 ni 1:8, haina ubishi. Pia uliza unene wa ncha na unene wa juu wa meno, ncha iwe nyembamba kuliko sehemu nyembamba ya pini yako na juu iwe nene kuliko sehemu nene. Kwa ile pini ya mfano, rima inayoanza 12 na kuishia 18 inatosha vizuri na urefu wa meno utakuwa milimita 48. Hizi rima hazipatikani kirahisi kwenye maduka ya kawaida ya vifaa, tafuta kwa wanaouza vitu vya magari ya mbio na ya kupanda milima, au wauzaji wa vifaa vya karakana za lethi ambao wanaweza hata kukunolea moja kwa vipimo ulivyowapa. Ukipata ya mtumba iangalie meno kwenye mwanga mzuri, jino moja likiwa limemeguka litachora mfereji tundu zima.

Na usidanganyike na chochote chenye umbo la tepa. Rima ya pini za tepa za mashine ni 1:50, imenyooka mno kwa kazi hii. Tepa za Morse za mashine ya lethi ni kama 1:20, nazo hazifai. Rima za daraja, zile za kusawazisha matundu ya ribiti, zimechongoka mbele tu ili ziingie, huko nyuma zimenyooka. Na zile biti za ngazi ngazi usizitaje kabisa.

Haya, kutoboa. Tuseme mkono wako wa stelingi una unene wa milimita 20, na pini ni ileile ya 14 hadi 17. Unataka mwisho wa tepa ya pini ubaki ndani ya mkono kama milimita 2, usitokeze upande wa nati, kwa sababu ukitokeza nati itagonga kwenye tepa yenyewe badala ya kukaa kwenye mkono, na hapo unakaza mpaka kesho pini haivutwi. Kwa hesabu hiyo tundu likikamilika litakuwa 13.75 upande wa nati na 16.25 upande wa raba. Kwa hiyo toboa kwanza na biti ya 13.5 moja kwa moja, halafu ukitaka kupunguzia rima mzigo ingia na 14.5 kutoka upande wa raba, milimita 12 tu, usizidi. Rima haipendi kula chuma kingi, inataka kumalizia.

Kama unaweza tumia pila drili (drili ya kusimama) na mkono wa stelingi ufungwe kwenye jiliwa vizuri. Kama tundu lipo tayari na unalipanua tu, usiamini ule uso wa juu wa mkono kwamba umelala sawa na tundu, mara nyingi haujalala. Shusha rima kwenye tundu mashine ikiwa imezimwa, jiliwa ikiwa haijafungwa kwenye meza, acha rima yenyewe ivute kazi ikae katikati, ndio ukaze. Hii hatua watu wanairuka, kisha pini inakaa imeinama na raba inakatika mapema.

Spidi iwe ya chini kabisa mashine inayoweza. Kwenye chuma cha kufua weka oili ya kukatia, oili ya injini sio mbadala mzuri ila ni afadhali kuliko kavu, kwenye chuma cha kusubu unaweza kukata kavu. Sukuma polepole kwa mkazo uleule, usisimamesimame ndani maana ndio inaanza kutetemeka na kuacha mistari. Ikitetemeka zima, punguza spidi, au maliza kwa mkono kwa ule mpini wa kukatia thredi, kazi ya mkono inatoka laini sana. Na rima haizungushwi kinyume hata wakati wa kuitoa, ukirudisha nyuma unaua makali, itoe huku inaendelea kuzunguka mbele. Toa vinyuzi vya chuma kila mara kwa brashi.

Simama mapema, jaribu na pini, rudi. Kila milimita moja rima inayozama tundu linapanuka 0.125 kwa tepa ya 1:8, na pini nayo inazama milimita hiyohiyo moja, kwa hiyo unaweza kujua kabisa umebakiza kiasi gani. Mwishoni ninakwenda nusu milimita kwa nusu milimita. Ukizidisha pini inazama mno, raba inabanwa na mkono, na hilo tundu halina dawa zaidi ya kupanua na kuweka bushi ya tepa (kipande cha chuma cha kujazia tundu) au kutafuta mkono mwingine.

Kukagua chora mistari minne ya maka peni kwa urefu wa pini, isukume kwenye tundu lililofutwa safi, izungushe kidogo kwa nguvu ya mkono, itoe. Wino unatakiwa ufutike kwa urefu wote unaokaa ndani ya mkono na pande zote. Ukifutika upande mnene tu, tepa ya tundu ni ndogo kuliko ya pini, ukifutika upande mwembamba tu ni kinyume chake, na hali zote mbili maana yake una rima isiyo yake, usiendelee kukata ukitegemea itajirekebisha.

Tundu lililokwisha kuwa la yai kwa sababu pini ilikuwa inacheza usiliponye kwa rima na pini ileile, ukisawazisha pini itazama kupita kiasi. Badilisha mkono. Mkono wenye ufa, uliopinda au uliowahi kuchomelewa, hivyohivyo.

Kufunga, tepa ziwe kavu, hamna grisi, hamna oili, nati mpya. Kaza kwa toku renchi kwa kipimo cha gari lako, tundu la splitipini (ile pini inayozuia nati isifunguke) lisipolingana na meno ya nati endelea mbele mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma. Kata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho huku mtu mwingine anaangalia chini kama kuna kinachogusana, peleka alaimenti, na baada ya kuendesha kidogo rudi uangalie nati kama iko palepale.