Jinsi ya kuomba kibali cha NEMA kama unataka kutengeneza bidhaa kutoka kwa mitishamba ya Kenya

Tuseme unataka kuchukua mmea kama mukombero wa Kakamega (ule mzizi wa kutafuna), uufanyie utafiti na baadaye uuze dawa au kipodozi. Usianzie NEMA (mamlaka ya serikali ya mazingira), anzia kijijini. Wengi hujaza fomu kwanza halafu sahihi za wazee wanakuja kuzitafuta mwisho mwisho, na hapo ndo jamii inaumia coz inasainishwa kitu haijaelewa.

Itisha baraza, wazee wawepo, wamama wawepo, na waganga wenyewe maana ujuzi ni wao, uwaelezee kwa lugha yao unachukua nini, kiasi gani, kinaenda maabara gani na kikiuzwa wao wanapata nini. Wakikubali, ridhaa iandikwe. Wakikataa basi, achana na huo mmea.

Sasa mkataba wa kugawana faida. Hapa msiharakishe kabisa! Kanuni za serikali za 2006 kuhusu kuchukua mimea na viumbe na kugawana faida zinataja malipo ya mwanzo, malipo kila utafiti unapopiga hatua, mrabaha (mgao wa mauzo) mauzo yakianza, hata kumiliki hataza (patent) pamoja, na pia mafunzo kwa watu wa hapo. Jamii iwe na wakili wake, sio wa kampuni, na asilimia iandikwe kwa namba, maana "jamii itafaidika" huwezi kuidai kortini. Mfano, vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilichukuliwa miaka ya 1990, vimeng'enya (enzymes) vyake vikaingia kwa biashara ya kufubaza jinzi huko nje, KWS (shirika la wanyamapori) ikaja kudai mgao miaka mingi baadaye. Inauma.

Leseni ya utafiti unaomba NACOSTI (tume ya sayansi na teknolojia), onlaini. Ukiipata, iambatanishe na ridhaa upeleke NEMA na fomu ya kibali, ada kwa kanuni hizo za 2006 ni shilingi 20,000 mtu binafsi na 50,000 kampuni. Kama mmea uko ndani ya mbuga au msitu wa serikali, KWS au KFS (shirika la misitu) nao lazima waridhie. NEMA itatangaza ombi lako kwa Gazeti la Serikali na gazeti la kitaifa ili mwenye pingamizi aandike, kwa hivyo hata wewe mwanakijiji soma hayo matangazo. Jibu linafaa kutoka ndani ya siku 60, na kibali ni cha mwaka mmoja, unarenew.

Sampuli ikitoka nje ya nchi kuna mkataba mwingine wa kuihamisha, na sampuli nyingine ibaki Kenya. Jamii nayo ibaki na nakala ya kila kitu ilichosaini.

Na kama mnatumia mitishamba yenu wenyewe kwa wenyewe hapo kijijini, haya yote hayawahusu, endeleeni tu.