Kipima mvua cha chupa: kumwonyesha mtoto milimita moja ya mvua

Redio ikitangaza kwamba mahali fulani imenyesha mvua ya milimita 50, wanafunzi wangu huuliza: maji yanapimwaje kwa rula? Jibu halikai kichwani mpaka mtoto apime mwenyewe, ndiyo maana mimi huanza na chupa kabla ya ubao.

Hatua ya 1: Chupa. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Zenye kiuno au mikunjo ziache, zinapotosha kipimo. Ikate pale inapoanza kubana kuelekea shingoni. Kisu ashike mtu mzima. Kipande cha juu kiweke kando.

Hatua ya 2: Kitako. Hapa ndipo wengi hukosea. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo maji ya mwanzo hayapimiki. Wengine hujaza kokoto na maji hadi mstari wa sifuri. Mimi siipendi njia hiyo, maana maji yakituama mbu huzaliana. Koroga saruji na mchanga laini, mimina hadi mabonde yafunikwe, gongagonga chupa mezani uso ulale sawa, kisha iache siku mbili. Bandika rula ya plastiki kwa nje, sifuri ilingane na uso wa saruji. Sasa chukua kile kipande cha juu, toa kifuniko, kigeuze shingo chini na ukitumbukize mdomoni mwa chupa. Kitazuia maji yasiruke nje wala kukaushwa upesi na jua.

Hatua ya 3: Mahali. Kipima mvua changu cha kwanza nilikiweka karibu na mwembe. Asubuhi moja tulikimwaga mvua ikiwa imekwisha, na baada ya saa moja kilikuwa na maji tena: majani yalikuwa bado yanadondosha. Tangu siku hiyo nafuata kanuni hii: kama mti una urefu wa mita 4, kaa mbali nao angalau mita 8. Kisimamishe ndani ya ndoo ya mchanga kisiangushwe na upepo, mdomo wake uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi na upite ukingo wa ndoo, ili matone yanayoruka yasiingie.

Hatua ya 4: Kusoma. Someni kila siku saa 3:00 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji. Andikeni, kisha mwageni. Siku kavu iandikwe 0. Ukiacha nafasi tupu, baadaye hakuna atakayejua kama haikunyesha au mlisahau.

Hatua ya 5: Hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Wapeleke watoto wapime eneo linalofunikwa na bati la darasa. Wapime chini, si kwenye mteremko wa bati. Likiwa mita 8 kwa 5, mvua ya milimita 25 italiangushia lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Watoto wanaochota maji wanaujua uzito wa dumu moja. Nimewaona wakiinua macho kulitazama paa, kimya.

Hatua ya 6: Kutoka daftari hadi tabianchi. Mlichoandika ni hali ya hewa. Tabianchi hutazamwa kwa wastani wa miaka 30, kwa mfano 1991 hadi 2020. Nawapa kisa cha vuli ya 2019: Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, upande wa Indonesia ikapoa. Hewa yenye mvuke ikapanda zaidi huku kwetu, Afrika Mashariki ikapata mafuriko, Indonesia na Australia zikakauka. Hapo lazima mtoto aulize kama hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Usimjibu harakaharaka. Mwambie msimu mmoja hautoshi kuthibitisha, ila kila joto la hewa likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa hupata maji mengi zaidi ya kumwaga.

Daftari libaki shuleni. Letu hukabidhiwa darasa linalofuata kila mwisho wa mwaka, pamoja na rula ya akiba, kwa sababu jua hufuta namba.